Honi ya Taratibu

Wakala wa bima alikutwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya meza, mikono imelala mapajani, kichwa kimeegemea ukuta, uso umeiva wekundu kama wa mtu aliyetoka kuoga maji ya moto. Alikuwa amekufa tangu jana yake jioni. Mbele ya meza, pale wanapokaa wateja, ilisimama pikipiki yake, taa ya mbele imemwelekea yeye, kana kwamba ndiyo iliyokuja kuulizia bei.

"Huyu si maiti," Sajini alinong'ona mlangoni. "Huyu amelala."

"Basi mwamshe," Inspekta alisema.

Sajini hakumwamsha. Alikuwa mwanaume mrefu mwenye kifua kipana, asiyeogopa jambazi wala panga, lakini maiti yenye afya kuliko yeye ilimshinda. Alibaki palepale mlangoni akijifanya anakagua kitasa.

Inspekta aliingia peke yake. Alikuwa mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ndogo. Kituoni walisema akikuita ofisini akakufokea, mshukuru Mungu; akikuongelesha polepole, umekwisha. Alisimama katikati ya chumba akavuta pumzi. Harufu ya moshi wa injini ilikuwa bado imeng'ang'ania kwenye pazia.

Kilikuwa chumba kimoja tu, chenye mlango wa chuma na dirisha la vioo vya vipande vya kufungua na kubana, vioo vyote vimebanwa. Ukutani kulikuwa na bango: BIMA YA PIKIPIKI, NAFUU KULIKO WOTE. Kwa sababu ya bango hilo mtaa mzima ulimwita Nafuu, na jina alilopewa na wazazi wake likabaki kwao. Mezani palikuwa na glasi ya maji na vidonge vya usingizi vilivyopungua.

Aliyemkuta alikuwa fundi cherehani wa chumba cha pili. Alikuwa amekaa barazani na tepu ya kupimia shingoni.

"Ulimkutaje?"

"Kama unavyomwona, Afande. Niligonga, kimya. Nikasukuma mlango, ukafunguka."

"Haukufungwa kwa ufunguo?"

"Umerudishiwa tu. Nikashangaa, maana siku hizi alikuwa anajifungia mchana kweupe."

"Anamwogopa nani?"

Fundi alitazama kushoto, akatazama kulia. "Alikuwa anapigiwa honi."

"Honi?"

"Kila jioni, mara mbili. Ya pili inakwaruza mwishoni. Yeye akitoka nje, hakuna pikipiki. Nami nimeisikia kwa masikio yangu haya, sijahadithiwa."

"Barabarani kulikuwa na nani?"

"Watu wa kawaida tu. Akina mama wanatoka sokoni, wanafunzi wanarudi. Hakuna chombo chochote cha moto." Alishusha sauti. "Honi yenyewe tunaijua, Afande. Ni ya Taratibu."

"Mkamateni basi huyo Taratibu," Sajini alidakia.

"Utamkamatia wapi, kaka? Tulimzika masika."

Sajini alirudi kukagua kitasa chake. Asubuhi ile jua lilikuwa limetoka vizuri, lakini ile baraza ilikuwa na ubaridi wake.

"Na jana?"

"Jana niliisikia, mara mbili kama kawaida. Halafu mvua ikashuka, mabati yakapiga kelele hata cherehani yangu siisikii. Nikafunga, nikaenda zangu."

Daktari wa polisi hakuchukua muda. Aliufunua ukosi wa marehemu, akatazama kucha, akatazama ndani ya midomo.

"Moshi wa injini," alisema. "Ile hewa yenye sumu huwezi kuiona. Inaingia kwenye damu, mtu anakufa na rangi nzuri hivi. Na kwa vidonge alivyomeza, hakujua kinachoendelea. Maabara itathibitisha, lakini mimi sina shaka."

Sajini alipumua kwa nafuu. Kwake yeye hewa yenye sumu ilikuwa afadhali mara mia kuliko Taratibu. "Ajali, basi. Pikipiki anaiingiza ndani asiibiwe, akaiwasha kupasha injini moto, dawa ikamchukua. Tufunge jalada."

"Na nani aliizima?" Inspekta aliuliza.

Sajini alitazama swichi. Ufunguo ulikuwa umerudishwa kwenye kuzima.

"Fungua mlango upepo uingie, halafu uiwashe," Inspekta alisema.

Sajini aliipiga kiki. Injini ilishika mara moja, ikaunguruma vizuri, halafu ikaanza kukohoa, ikapungua nguvu, ikafa. Aliitikisa. Petroli ilisikika ikicheza tangini, tena tele. Aliinama upande wa kushoto, chini ya tangi.

"Koki ya mafuta imefungwa, Afande. Ilikuwa inatumia yaliyobaki kwenye kabureta."

"Wewe yako huwa unaifunga?"

"Mimi? Nani ana muda huo? Hiyo ni kazi ya wazee, na watu ambao pikipiki zao zinavuja."

Inspekta aliitazama maiti, akaitazama ile koki, kidude kidogo cha chuma ambacho mtu anaweza kumiliki pikipiki miaka asikiguse. Mtu aliingia humu moshi ukiwa umejaa, akazima injini, halafu akainama akafunga mafuta, kama mtu aliyefika kwake salama akataka kulala.

Mtaalamu wa alama za vidole alikuta alama kwenye ufunguo zimefutwa na maji, hakuna kitu. Kwenye koki alipata ukingo wa kidole gumba, haujakamilika. "Kidole chembamba," alisema. "Cha marehemu si hiki. Zaidi ya hapo sithubutu kusema."

Walipokuwa wanatoka, Inspekta aliona Sajini amesimama mbele ya lile bango, amenywea.

"Na wewe ulikata bima hapa?"

"Ilikuwa nafuu, Afande," Sajini alisema. "Nilizunguka kote. Wengine wote walinipiga bei ya kuua."

Mchana waliipeleka stika ya bima ya Sajini kwenye kampuni iliyoandikwa juu yake. Karani aliipokea kwa adabu, akaingiza namba kwenye kompyuta, akaitazama tena ile stika, akaingiza upya. Kisha akamwita mwenzake waje waitazame wote wawili.

"Imechapwa vizuri sana," karani alisema. "Tatizo ni moja tu. Haipo."

Sajini alirudi kituoni akiendesha kama aliyebeba mayai. Bima aliyokuwa akiitegemea ilikuwa karatasi ya gundi, na barabara ileile aliyoipita kila siku leo ilimwonyesha kila gari lilivyo kubwa.

"Kwa hiyo kila dereva aliyekata bima kwa Nafuu ana sababu ya kumuua," alisema walipofika. "Hata mimi."

"Wewe hufungi koki," Inspekta alimjibu.

Fundi wa pikipiki aliyewahudumia madereva wa mtaa ule aliitwa Plagi. Walimkuta amechuchumaa chini ya turubai, mikono myeusi hadi kwenye viwiko. Habari za kifo zilikuwa zimeshamfikia, na hakujifanya kulia.

"Nafuu alikuwa anafunga koki?"

Plagi alicheka. "Nafuu? Yule hajui koki iko upande gani. Kabureta yake ilikuwa inamwaga, nikamwambia, bosi, ukilala nayo ndani funga mafuta. Akasema yeye ni mtu wa ofisi."

"Na Taratibu?"

Kicheko kilikatika. Plagi aliweka spana chini, akajifuta kwa kitambaa kilichokuwa kichafu kuliko mikono.

"Taratibu alikuwa rafiki yangu. Jina tulimpa kwa sababu abiria wakimwambia kimbiza, yeye anawaambia taratibu, nyumbani wanatungoja. Lori likamsukuma nje ya barabara, siku ya mvua, likaenda. Hakufia pale. Hospitali walimpokea, wakasema anatakiwa kupasuliwa upesi. Bima yake ilikuwa na matibabu ya dereva, ndivyo Nafuu alivyoahidi. Wakapiga simu. Kampuni inasema namba ya bima haionekani. Wakapiga tena, haionekani. Sisi huku tunachangishana, mara huyu hana, mara yule hapatikani. Tulipofika na kilichopatikana, daktari alikuwa anavua glavu."

Aliokota tena spana yake.

"Pikipiki yake iko wapi?"

"Iliuzwa chuma chakavu. Ilikuwa imekunjika yote. Mkewe alikuja hapa, hakutaka kitu ila honi. Akaniomba niifunge kwenye betri ndogo, na kitufe chake. Alisema mtoto anaililia."

"Inalia vipi?"

"Iliingia maji siku ile. Ya kwanza safi, ya pili inakwaruza mwishoni."

Sajini na Inspekta walitazamana. Kwa mara ya kwanza siku ile Sajini alionekana mtu wa furaha, maana honi yenye betri inakamatika.

Mjane wa Taratibu alikaa mwisho wa kichochoro ambacho gari la polisi halikuweza kuingia. Waliliacha barabarani na dereva wake. Inspekta akatembea, Sajini akamfuata polepole kwa pikipiki. Ilikuwa jioni, wingu limeshuka, na watu walikuwa wanaanua nguo. Kulikuwa na geti la mabati, ua mdogo, na chumba chenye baraza. Mama mkwe wake, bibi mnene mwenye miwani, alikuwa chumba cha pembeni anachambua mchele. Aliitikia salamu, akarudi kwenye ungo wake.

Mjane alikuwa mwembamba, ametulia, kitambaa kimefungwa vizuri kichwani. Aliuza mboga sokoni. Kikapu chake kilikuwa kando ya mlango, majani ya juu yamenyauka.

"Karibuni. Ongeeni chinichini, dada yangu, mtoto ana kifua. Ndiyo kwanza amelala."

Nyuma ya pazia ilisikika pumzi ya mtoto wa kike, nyembamba, yenye mluzi ndani yake. Inspekta alikaa kwenye kigoda. Kati ya kitanda na kabati sakafu ilikuwa na doa jeusi la mafuta, limesuguliwa likakataa kutoka. Hakuna kitu kilichowekwa juu yake. Kabati lilikuwa limesogezwa hadi kugusana na meza, na bado ile nafasi ya pikipiki iliachwa wazi.

"Ilikuwa inalala hapo?"

"Ilikuwa inalala hapo. Tungeiacha nje wangeiba, na bima ya wizi hatukuimudu."

"Unajua kuendesha?"

"Hapana. Baiskeli tu ilinishinda."

Lilikuwa jibu la kweli, Inspekta alilisikia kuwa la kweli, na moyo wake ukataka kuliamini na mengine yote.

"Jana jioni ulikuwa wapi?"

"Sokoni. Halafu nyumbani."

"Ulipita kwa Nafuu?"

"Kila anayetoka sokoni anapita kwa Nafuu. Ndiyo njia."

"Na honi ulikuwa nayo?"

Mjane alikitupia jicho kikapu. Juu ya bati tone la kwanza lilidondoka, la pili, kisha mvua ikashuka yote kwa pamoja. Huko nje Sajini alipiga kelele kuomba njia, akaja anaisukuma pikipiki yake mbiombio hadi barazani, maji yanamchuruzika.

"Samahani, shemeji," alisema. "Nisitiri kidogo na mzigo wangu."

"Isukume ndani zaidi, inanyeshewa," mjane alisema. Aliinuka, akashika usukani upande mmoja kumsaidia, wakaipandisha kizingiti. Na pikipiki iliposimama, akiwa bado anamtazama Sajini usoni, akiwa anamuuliza kama anahitaji kitambaa cha kujifutia, mkono wake wa kushoto ulishuka chini ya tangi, ukafunga koki.

Mjane aliona macho yao. Akatazama mahali walipopatazama, akauona mkono wake mwenyewe pale chini, akauinua polepole kama mtu aliyeokota kitu kisicho chake.

"Kwa nini umefunga?" Inspekta aliuliza, kwa sauti ndogo kuliko zote alizotumia siku ile.

"Petroli inanuka. Mtoto anakohoa." Alitazama pazia. "Ndivyo tulivyokuwa tunafanya. Yeye anazima pale getini, anapiga honi mbili. Mimi natoka, nafungua geti. Yeye mikono imejaa vitu, anasukuma, mimi nafunga mafuta. Miaka yote."

"Na jana ulifunga ya Nafuu."

"Sikugusa koki."

"Mkono wako uligusa."

Mjane aliketi pembeni ya lile doa la mafuta. Alipoanza kusema, alisema akitazama sakafu.

"Mimi ndiye niliyemtafuta Nafuu, dada. Si mume wangu. Yeye alikuwa anataka kukata kwenye ile kampuni kubwa, bei yake ni kilio. Nikamwambia, baba, niachie mimi, mimi ni mtu wa soko. Nikazunguka ofisi moja baada ya nyingine. Huyu nikamwomba apunguze, akakataa, yule akanicheka. Nikafika kwa Nafuu. Tukavutana bei kama watu wanaouziana nyanya, akashuka, nikamshusha tena. Nilirudi nyumbani najisifu. Mume wangu akaniambia, mke wangu, wewe ni kiboko."

Alicheka kidogo, machozi yakamtoka hapohapo.

"Hospitali walipopiga ile simu mimi nilikuwa nimesimama palepale. Nilisikia mtu wa upande wa pili akisema, hiyo namba hatuna."

"Ukaanza kumpigia honi."

"Nilitaka asilale, kama mimi. Nilikuwa naiweka chini ya mboga, nabonyeza nikipita. Anatoka ananitazama, ananiuliza, mama, umeona pikipiki? Nasema sijaona." Alifuta uso. "Halafu jana nikaona inatosha. Nilipiga, akafungua, nikaingia, nikamwonyesha honi. Nikamwambia si mzuka, ni mimi. Sema tu kwamba ulijua ile stika ni ya uongo. Sema tu, nitaondoka."

"Alisema nini?"

"Alikasirika. Alikuwa ameshameza vidonge, ulimi unamteleza. Akasema, mama, bima za kweli zipo mjini, na bei yake uliisikia. Wewe ndiye uliyeng'ang'ania bei ile. Ulidhani unanunua nini?"

Sajini, aliyesimama mlangoni, alitazama pembeni.

"Akajiegemeza. Akaniambia nataka kulala, funga mlango ukitoka." Mjane alinyoosha mikono yake juu ya magoti. "Ufunguo ulikuwa kwenye pikipiki. Kuendesha sijui, lakini kuwasha najua, nilikuwa nampashia moto asubuhi pale uani. Na moshi naujua. Mwaka juzi tuliiwasha humu ndani siku ya mvua, mtoto akazimia. Nesi alitukaripia sana. Alisema moshi ule haumwamshi mtu. Nikasubiri asinzie. Nikabana vioo, nikawasha, nikafunga mlango. Nilifanya alivyoniambia."

"Kisha ukarudi."

"Nilikaa barazani kwa fundi, kulishafungwa. Mvua ikaanza kupungua, nikaona muungurumo utasikika. Nikaloweka kitambaa, nikaziba pua, nikaingia kuzima." Alitikisa kichwa. "Koki sikumbuki. Naapa sikumbuki. Ila nakumbuka nilipotoka nilijisikia kama nimefika nyumbani, sijui kwa nini."

Inspekta alikuwa amesikia maungamo mengi, na kazi yake haikumruhusu kulia. Aliinuka, akamsomea haki zake, akamwita mama mkwe aje akae na mtoto. Bibi alikuja na ungo mkononi, akasikiliza, akaketi kitandani bila kuuliza kitu. Mjane aliliinua pazia, akamfunika mtoto vizuri, asimwamshe.

Sajini aliagizwa abebe kikapu kama kielelezo. Alikitazama, akasema kwa heshima kwamba angekirudia na glavu, na mtaalamu, na ikiwezekana mtu mwingine. Inspekta hakuwa na nguvu za kubishana.

Walitoka. Mvua ilikuwa imebaki manyunyu. Mjane aliingizwa kiti cha nyuma cha gari la polisi, Inspekta akakaa kando yake. Nyuma yao Sajini alikuja na pikipiki kwenye kichochoro, akafika katikati, injini ikakohoa, ikapungua nguvu, ikafa. Akalaani chinichini, akainama kutafuta koki.

Mtaa ulitulia. Na katika utulivu ule, kutoka mwisho wa kichochoro, nyuma ya geti la mabati, honi ikalia. Ya kwanza safi. Ya pili ikakwaruza mwishoni.

Sajini aliganda akiwa ameinama. Damu ya Inspekta ilisimama, kabla akili haijamwambia kwamba mtoto ameamka, amemkosa mama yake, na kikapu chenye honi kiko kando ya mlango.

Lakini mjane alikuwa ameshainuka kwenye kiti. Uso wake ulikuwa wa mke anayesubiriwa, mikono yake yenye pingu inapapasa mlango wa gari, inatafuta komeo la geti.

"Naja, baba," alisema. "Usipige tena, mtoto amelala."